Bei ya Mgeni

Makumbusho ya Taifa ya Kenya hutoza kiingilio kwa madaraja. Raia ana bei yake, mkazi wa Afrika Mashariki ana yake, na mgeni kutoka nje ya kanda hulipa zaidi. Ndivyo ilivyo kwenye Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na ukivuka mpaka ukafika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908, utakuta utaratibu wa namna hiyohiyo. Mgeni analipa, anapewa risiti, anaingia, na hatumsikii akilia kwamba ameibiwa. Lakini barabara inayounganisha makumbusho hayo mawili inapita Busia. Mgeni huyohuyo akishuka hapo, akanunua kikapu au chungu sokoni, kisha akasikia kuwa mwenyeji aliyemtangulia alilipa nusu ya alicholipa yeye, moyo unamchafuka. Wapo watakaomwambia avumilie kwa kuwa pesa anazo, na wapo watakaosema yule mama muuzaji ametenda dhambi. Majibu yote mawili yanatolewa haraka mno. Yafaa kwanza kuuliza kama kumtoza mgeni bei ya juu ni dhuluma, na ikiwa ni dhuluma, inakaa wapi hasa. Mimi nashika kwamba haikai kwenye ile tofauti ya bei. Inakaa kwenye ujinga wa mmoja unapogeuzwa kuwa mtaji wa mwingine. Na mtu akilikubali hilo, hataweza kumkagua muuzaji peke yake. Itambidi amkague mgeni pia, tena kwa ukali uleule.

Busia na Tororo zinafaa kulipima jambo hili kwa sababu hapo si rahisi kusema nani mgeni. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, kupita Kisumu hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakalihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari ulipotulia, Wasamia walijikuta pande zote mbili, na Wateso vilevile. Mji wa Busia una jina moja na serikali mbili. Upande wa Uganda uliendeshwa kutoka Tororo mpaka mwaka 1997, ilipoundwa wilaya ya Busia. Ni katika mpaka huu, Busia na Malaba, ambapo baiskeli za kuvusha abiria kutoka kituo hadi kituo zilizaa jina la boda boda ambalo sasa linatumika hadi mijini kusikokuwa na mpaka wowote. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018, msafiri humaliza ukaguzi wote upande anaoingia. Mama anayevusha ndizi kutoka kijiji cha upande wa Uganda anaweza kumuuzia shangazi yake wa upande wa Kenya, na wote wawili wakahesabu kichwani kwa sarafu mbili, bila karatasi. Katika miji kama hiyo ugeni una ngazi. Aliyetoka Tororo ni mgeni kidogo Busia. Aliyetoka Kisumu au Kampala ni mgeni zaidi. Aliyetoka Ujerumani akiwa na mfuko wa kamera yuko ngazi ya juu kabisa, na bei hupanda pamoja na ngazi.

Kabla ya kuhukumu upandaji huo, heri kutazama kwa karibu bei ya sokoni ni kitu gani. Chukua mahindi. Upande wa Kenya kipimo ni gorogoro, mkebe wa bati uliokuwa wa mafuta ya kupikia, unaochukua takriban kilo mbili. Bei ya gorogoro hutajwa kwa sauti, na wauzaji waliokaa mstari mmoja karibu wote huitaja ileile. Ubishi hauko hapo. Uko kwenye kilele. Muuzaji humimina mpaka mkebe ujae, akaendelea mpaka mahindi yasimame juu ya ukingo na punje zianze kuporomoka, kisha anapitisha kiganja. Kiganja kikipita juu, kilele ni cha mnunuzi. Kikipita chini, kinarudi guniani. Baada ya hapo kuna nyongeza. "Niongezee basi, mama," na mkono unarudi tena kwenye gunia, ukiwa umejaa au ukiwa na punje chache, kutegemea nani anaomba. Anayeijua hesabu hii anajua pia kukigeuza kile kibati na kukitazama kitako, maana kitako kilichobonyezwa kwa ndani humla mnunuzi bila kelele. Nyanya nazo huuzwa kwa fungu: bei ya fungu yaweza kukaa palepale wiki nzima, na kinachobadilika ni nyanya ngapi zimepangwa, na zipi zimewekwa chini.

Mwenyeji anayepata kilele na nyongeza hajapewa zawadi. Ameilipia, ila si kwa siku moja. Hununua siku ya mvua ambapo soko ni tupu. Jioni huchukua zile nyanya zilizokwisha kulainika ambazo zingetupwa. Hukopa, na pia hukopesha. Mtoto wa muuzaji akilazwa hospitali, jina lake litakuwemo kwenye daftari la mchango. Kile anachotajiwa sokoni ni kipande tu cha hesabu ndefu inayoendelea kati ya nyumba mbili. Mgeni hana hesabu hiyo. Anakuja mara moja, anachagua kilicho bora juu ya meza, anaondoka, na hatakuwepo siku ya mvua. Kwa hiyo anatajiwa bei nzima, isiyo na punguzo la ujirani kwa kuwa ujirani wenyewe haupo. Ukifikiri vizuri utaona makumbusho yanatumia hoja hiyohiyo: raia ameyalipia majengo na mishahara kwa kodi ya mwaka mzima, basi langoni anaombwa kidogo. Sioni kwa nini hoja iwe ya haki inapoandikwa kwenye ubao na taasisi ya serikali, halafu iwe ya wizi inapotoka kinywani mwa mwanamke aliyekaa juu ya gunia.

Dini zilizoota mizizi katika miji hii zimeijadili bei kwa muda mrefu, na kwa uangalifu kuliko wengi tunavyodhani. Katika sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, amri ya kumtendea mgeni kama mzalia wa nchi na amri ya mizani za haki zimefuatana, moja mara tu baada ya nyingine. Mpangilio huo una maana kwangu. Mgeni ndiye mtu asiyejua vipimo vya mji, kwa hiyo kishawishi cha kuvipinda kinaanza kwake. Lakini amri inahusu mizani. Inakataza gorogoro lenye kitako kilichobonyezwa. Haisemi kwamba kila mtu apewe nyongeza sawa. Na katika sura ya 23 ya Mwanzo tunamwona mgeni mwenyewe akinunua. Ibrahimu, akijitambulisha mbele ya Wahiti kama mgeni na mpitaji, anataka mahali pa kumzika Sara. Efroni anamwambia mbele ya watu wote wa langoni kwamba atampa shamba bure. Ibrahimu anapokataa, Efroni anataja shekeli 400 za fedha kama kitu kidogo kati ya marafiki. Ibrahimu anapima fedha bila kubishana. Marabi wa Talmud walimlaumu Efroni, wakasema aliahidi mengi na hakutenda hata dogo. Na katika mjadala uleule wakamtaja Ibrahimu, aliyewaahidi wageni wake kipande cha mkate kisha akawachinjia ndama. Kosa la Efroni, kama ninavyolisoma, si kiasi kile peke yake. Aliitangaza karama hadharani ili bei isiweze kujadiliwa, tena mbele ya mtu aliyekuwa na maiti ndani. Alishika haja ya mgeni na haya ya mgeni, akazitumia zote mbili.

Uislamu unalifikia jambo hilihili kwa mlango mwingine. Imepokewa katika Hadithi kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume Muhammad (S.A.W.) awapangie bei, naye akakataa, kwa kuwa mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na hakutaka kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhuluma. Mtume huyohuyo alikataza watu kutoka nje ya mji kuidaka misafara ya bidhaa kabla haijafika sokoni, na katika mapokezi yaliyomo katika mkusanyo wa Hadithi wa Muslim, mwenye mali aliyenunuliwa njiani akifika sokoni anayo hiari ya kuyavunja mauzo. Makatazo hayo yasomwe pamoja na kule kukataa kupanga bei. Bei haikupangwa, iwe ya juu au ya chini. Kilichowekewa ulinzi ni kufika sokoni, yaani kujua kinachoendelea kabla ya kuafiki. Wanazuoni wa baadaye, hasa wa madhehebu ya Kihanbali, walimzungumzia mtu anayeitwa mustarsili, yule anayemwachia mwenzake bei kwa kumwamini, kwa sababu yeye mwenyewe haijui na hana ujuzi wa kubishana. Huyo akipunjwa kupita kiasi cha kawaida, ana haki ya kuurudisha mkataba. Aliyejua akalipa sana kwa hiari yake hana dai hilo. Mpaka kati ya halali na haramu umepita kwenye ujuzi, na naamini ni mpaka wa kweli kuliko ule uliopita Busia.

Hapa linakuja pingamizi la kwanza, na limetoka kwa mtu mzito. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza juu ya mfanyabiashara anayefikisha nafaka mahali palipo na uhaba, akijua kwamba wengine wanakuja nyuma yake na mizigo. Je, ni lazima awaambie wanunuzi? Cicero wa Roma, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, alikuwa amelijadili swali hilo kwa mfano wa nafaka iliyopelekwa kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, na akaona kwamba mfanyabiashara hakupaswa kuficha. Tomaso akajibu kwamba haki haimlazimishi, ingawa akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda kwa wema mkubwa zaidi. Ikiwa Tomaso ana haki, basi si kila ujinga wa mnunuzi ni dhambi ya muuzaji, na msingi wangu unatikisika. Lakini tutenganishe ujinga wa aina mbili. Nafaka ya kesho haijafika. Bei yake haijawa bei ya mtu yeyote, na hata mwenye habari anakisia tu, maana meli huzama na lori huharibika. Bei ya leo ya kikapu ni jambo jingine. Inajulikana na kila mtu kwenye mstari ule isipokuwa mmoja, na muuzaji anajua kwamba huyo mmoja hajui. Kumficha mtu kile ambacho wote waliomzunguka wanakijua ni kumfungia nje ya soko huku amesimama ndani yake. Kwa hiyo naweza kumkubalia Tomaso jibu lake bila kuliacha langu.

Pingamizi la pili linapendwa zaidi na watu wa mijini: bei moja kwa wote, iliyoandikwa, basi yaishe. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitoa mfano wa mwenye duka anayeweka bei moja hata mtoto mdogo ananunua kwake sawasawa na mtu mwingine yeyote, na asiyemtoza zaidi mteja asiye na uzoefu. Kant hakuutumia mfano huo kumsifu mwenye duka, kwani huenda anafanya hivyo kwa faida yake. Lakini hakutilia shaka kwamba mtoto hapaswi kupunjwa. Nami sina shaka. Penye mtoto, mgonjwa, au mtu aliyefika usiku na hana pa kulala, bei isibadilike hata senti. Ila bei moja sokoni ina gharama ambayo wanaoitetea hawaitaji. Muuzaji aliyefungwa na bei moja hawezi kumshushia mjane jirani yake. Akishusha, itambidi ashushe kwa wote, na hawezi. Atabaki na bei ya kati, ambayo ni nafuu kwa mtalii na mzigo kwa mjane. Makumbusho yenyewe yameliona hilo, ndiyo maana mwanafunzi halipi sawa na mtu mzima. Kinachofaa kuigwa langoni pale ni ule uwazi. Jaribio ni hili: je, muuzaji angeweza kumtajia mgeni bei ile huku mwenyeji amesimama karibu anasikia, na akaeleza tofauti bila kuona haya? Akiweza, mimi sina neno. Ikibidi anong'one, au asubiri mwenyeji apite, au awakonyeze wenzake wanyamaze, basi yeye mwenyewe ameshatoa hukumu.

Lipo pingamizi la tatu, na hili linanigusa zaidi kuliko yale mawili. Muuzaji hana cheti cha kuzaliwa cha mnunuzi. Anachokiona ni rangi. Bei ya mgeni kwa hiyo hugeuka kuwa bei ya ngozi. Mhindi ambaye babu yake alikuwa na duka Tororo atatajiwa bei ya mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Nchi ya Uganda haina ruhusa ya kulipuuza jambo hili. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90, na watu waliozaliwa na kukulia Jinja, Mbale na Tororo wakaambiwa kwamba walikuwa wageni siku zote. Bei ya kikapu haifanani na kufukuzwa, na sitaki kukuza jambo. Lakini hatua ya kwanza ni ileile: kumtazama mtu usoni na kuamua kwamba hana hesabu yoyote na mahali hapa. Anayefanya hivyo kwa bei ya kikapu anazoea kufanya hivyo. Jibu langu ni kwamba haki ya kutoza bei ya mgeni inaambatana na wajibu wa kuulizana. Na desturi ya soko la mpakani imeshaweka nafasi ya kuuliza, nayo ni salamu. Kabla ya bei kuna habari ya asubuhi, umetoka wapi, unaelekea wapi. Katika maneno hayo machache, yawe ya Kiswahili, Kidhopadhola au Kiteso, muuzaji anamjua mtu kuliko ngozi ingemwambia. Anayeruka salamu akaenda moja kwa moja kwenye bei amekosa adabu, iwe ni muuzaji au mnunuzi; na mgeni anayekuja na kidole kilichonyooshwa na swali la "ngapi?" amejinyima mwenyewe nafasi ya kujulikana.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba asiyejua ni mgeni. Hivyo ndivyo mazungumzo haya yanavyoendeshwa kila mara, na hapo ndipo yanapopotoka. Katika soko la mpakani asiyejua mara nyingi ni muuzaji. Mkulima wa vijiji vya Tororo aliyeleta gunia lake Busia hajui Kisumu wanalipa nini leo. Pengine hajui kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ambapo mzigo wa bidhaa za kanda zilizomo kwenye orodha, usiozidi thamani ya dola 2,000, huvuka kwa cheti chepesi cha asili bila ushuru wa forodha. Asiyejua hilo hupita njia za panya, hulipa wa kumvusha, na anapofika ng'ambo bei yake imeshapunguzwa na hofu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti. Katika siku kama hizo, mwenye habari na asiye na habari hawauziani kwa usawa hata wakikubaliana bei kwa kupeana mikono. Dalali anayesubiri kando ya barabara kabla ya mji, akanunua kabla mkulima hajausikia msukosuko wa soko, ndiye yule hasa aliyekatazwa kuidaka misafara. Tanzania wana neno lumbesa, gunia lililoshonewa kofia ya ziada ili mkulima auze zaidi ya gunia moja kwa bei ya moja. Hapo anayepinda kipimo ni mnunuzi. Wanazuoni walipomtafuta mustarsili wangeweza kumpata amekaa juu ya gunia lake mwenyewe.

Na mtalii aliyetoka makumbusho yuko upande gani katika hesabu hii? Ndani ya makumbusho ameona vyungu, vikapu, nyenzo za kuvulia samaki, na kule Kisumu boma zima la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake wa kawaida. Vyote vimewekewa maelezo. Anatoka akiwa amejifunza kuvithamini vitu ambavyo muuzaji wa sokoni anavihesabu kama vyombo vya nyumbani. Akikuta chungu cha zamani cha pombe ya ulezi, ile ajono inayonywewa na wazee waliokizunguka chungu kimoja kwa mirija mirefu yenye kichujio cha kusukwa kwenye ncha, anajua kitu ambacho mwenye nacho huenda hakijui: kwamba nchini kwake, au katika duka la Nairobi, chungu na mirija yake vitauzwa mara nyingi ya bei hii. Ananunua kwa bei aliyotajiwa na huona fahari kwamba alimpunguza mama yule kidogo. Lakini kwa kipimo tulichokubaliana, ni yeye aliyetumia ujinga wa mwenzake. Hawezi kudai ulinzi wa mustarsili asubuhi na kuwa mlanguzi mchana.

Jambo hili lina historia, na historia hiyo imo ndani ya makabati yenyewe ya makumbusho. Mabaki na vifaa vitakatifu vya Kibuuka, aliyeheshimiwa Buganda kama mungu wa vita, yalifika Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia kwa mmisionari John Roscoe. Yalirudi Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mwaka 2024 Cambridge ikarejesha vitu vingine 39 kwenye Makumbusho ya Uganda, navyo vikaja kwa mkopo, neno ambalo mtu wa Busia anayejua maana ya deni atalitafakari sana. Pwani ya Kenya mambo yalikuwa karibu zaidi na soko la watalii. Vigango, nguzo za kuchongwa ambazo Wamijikenda huzisimamisha kwa ajili ya waliokufa wakiwa katika chama cha Gohu, viliibwa na kuuzwa kama sanaa. Vigango viwili vya familia moja ya Kigiriama, vilivyopigwa picha na mwanaanthropolojia Monica Udvardy mwaka 1985 na kuibwa muda mfupi baadaye, vilikuja kupatikana katika makumbusho mawili ya Marekani, kimoja kikiwa Makumbusho ya Jimbo la Illinois, vikarudishwa zaidi ya miaka 20 baada ya kuibwa. Katika mnyororo ule kila mtu alilipa bei aliyotajiwa. Mnunuzi wa mwisho angeweza kusema kwa ukweli kwamba hakumnyang'anya mtu kitu. Ujinga wake ulikuwa wa aina mbaya kuliko yote, ule ambao mtu anautunza kwa makusudi: hakuuliza ni nani mwingine mwenye haki katika kile alichokuwa akikinunua. Bei ya haki haikuwepo, kwa sababu aliyekiuza hakuwa na kitu cha kuuza.

Nitaambiwa kwamba nimemtwika mgeni mzigo mkubwa kwa ajili ya kikapu. Ametoka matembezi, ana saa mbili kabla ya basi la Kampala, na mimi namtaka awe mwanazuoni. Nitaambiwa pia kwamba kulipa zaidi ya ulichoombwa kwa kuwa unajua bei ya Nairobi ni dharau, ni kumgeuza muuzaji kuwa ombaomba. La pili lina ukweli. Aliyetaja bei kwa kujua anastahili kujadiliwa kama mtu mzima, na mgeni anayekataa kabisa kubishana naye, akitupa noti na kuondoka, amemnyima heshima ya kazi yake. Lakini kumwambia mtu unachokijua si sadaka. Mgeni anaweza kusema, "Mama, vikapu kama hivi Nairobi vinauzwa hivi," kisha wakaendelea kubishana, na hapo wote wawili wamefika sokoni. Kuhusu saa mbili, namjibu kwamba anazo za kutosha. Kuzunguka mstari mzima kabla ya kununua hakuhitaji hata nusu saa, na anayezunguka akisikiliza wenyeji wanavyouziana hatabaki mjinga. Muuzaji hawezi kulaumiwa kwa ujinga ambao mgeni angeuondoa kwa kutembea hatua 40, isipokuwa pale alipomzuia asitembee.

Bado hili halimalizi kila kitu. Kuna mgeni ambaye kweli hana uwezo, mwanafunzi au mkimbizi, na sura yake inasema vingine. Kuna muuzaji ambaye leo lazima auze, kwa bei yoyote, kwa kuwa kesho ni ada ya shule, na mnunuzi mwenye macho anaiona haja hiyo kwenye jinsi bei inavyoshuka upesi kabla hajaomba. Huyo mnunuzi asimame pale bei ilipokuwa kabla haja haijaonekana. Efroni anaweza kukaa upande wowote wa gunia. Na anayetaka kitu cha kale kwa sababu ya ukale wake aulize kilikuwa cha nani, kilikaa wapi, na kama ndugu wa muuzaji wanajua kwamba kinauzwa. Akipata majibu ya kuzungukazunguka, akiache. Vyungu vipya vipo, na mfinyanzi aliyevifinyanga yupo pia na anaweza kutaja bei yake mwenyewe.